Maharage Matano, Maharage Hamsini

Kwa mwalimu wa darasa la tano pale Bugembe, Uganda, kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Iganga, fenesi moja linatosha kuanzisha somo la takwimu. Kila mtoto alizungushie uzi, aupime uzi huo kwa rula, kisha aandike jibu bila kuchungulia la mwenzake. Majibu hayatalingana. Mmoja atalegeza uzi, mwingine ataanzia kwenye ukingo wa rula badala ya sifuri. Mwalimu asikimbilie kutaja jibu sahihi. Awaachie watoto wayapange majibu yote ubaoni na wabishane.

Watafiti wa elimu Richard Lehrer na Leona Schauble walifundisha hivyo Marekani. Watoto wa darasa la nne walipima kimo cha mlingoti wa bendera, wakatofautiana, na tofauti hizo zenyewe zikawa data ya kuchunguza: vipimo vinarundikana wapi, na kwa nini vingine vimetupwa mbali?

Baada ya kupima fenesi, watoto wa Bugembe waunde modeli ya bahati. Chukua gunia kubwa la maharage mekundu na meupe, nusu kwa nusu, yaliyochanganywa vizuri. Mtoto akichota matano bila kutazama, uwezekano wa manne au zaidi kuwa ya rangi moja ni takriban 3 katika 8. Akichota 50, kupata 40 au zaidi ya rangi moja, yaani uwiano uleule, hutokea chini ya mara 1 katika 40,000. Ukimwambia tu, atakariri. Akichota mwenyewe tena na tena, ataona sampuli ndogo zikirukaruka na kubwa zikitulia.

Wapo wanaosema haya ni ya chuo kikuu. Nakataa, na ushahidi uko Uganda kwenyewe. Mwaka 2016, Allen Nsangi, Daniel Semakula na wenzao wa Chuo Kikuu cha Makerere walizigawa kwa kura shule za msingi 120 za kati mwa nchi. Nusu zilifundishwa kwa kitabu cha hadithi za picha chenye dhana 12 za kupima madai ya tiba, mojawapo ikiwa kwamba utafiti wa watu wachache unaweza kupotosha. Watoto zaidi ya 10,000 walifanya mtihani. Kati ya waliofundishwa, asilimia 69 walifaulu; kati ya wenzao, 27.

Mtoto wa Bugembe akiambiwa majirani wawili walikunywa mizizi fulani wakapona homa, ana uwezo kamili wa kuuliza: waliokunywa walikuwa wangapi kwa jumla, na kati ya wasiokunywa, walipona wangapi?