Machicha Yasiyofika kwa Kuku

Makande yakishaiva na sufuria ikaepuliwa, jikoni hubaki moto usio na kazi. Umefifia mno kuchemsha chai ya watu wengi, lakini ukiusogezea kiganja bado unakurudisha nyuma. Nyumbani kwetu hapa Same moto huo tuliuacha ufe wenyewe miaka yote. Siku hizi ndio ninaousubiri tangu asubuhi ya Jumamosi, kwa kuwa sijapata mwingine unaooka biskuti za nazi vizuri kama huo.

Msomaji asiyetujua Wapare aelewe kwanza kwamba makande kwetu ni chakula chenye heshima yake. Mahindi makavu na maharage hukaa motoni saa mbili, mara nyingine tatu, na hakuna anayeweza kuyaharakisha. Mwishoni kabisa, mpishi anayeijua kazi yake huyatia tui la nazi. Ni kwenye nazi hiyo ya makande biskuti zangu zilikoanzia.

Biskuti ninayoisema haina unga, haina siagi, haina hamira. Ni nazi, sukari na ute wa yai, basi. Nje inafanya gamba jembamba la kahawia. Ndani ni laini, inanata kidogo kwenye meno na kukulazimisha kutafuna polepole. Jina lake la kigeni ni macaroon, na limetoka kwenye neno lilelile la Kiitaliano lililotupa makaroni, zile tambi fupi zenye tundu. Ya zamani huko Ulaya ilikuwa ya lozi. Nazi iliingia mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya Ceylon, Sri Lanka ya leo, vilipoanza kukausha nazi iliyokunwa na kuipakia melini, maana iliyokaushwa huvumilia safari ndefu. Wayahudi wakaipenda kwa namna ya pekee. Wakati wa Pasaka yao hawali kitu kilichochachushwa, na biskuti isiyo na unga ikawafaa mezani.

Huku kwetu nazi na sukari zilikuwa zimeshazoeana. Aliyewahi kuketi barazani Tanga, Mombasa au Unguja akanywa kahawa chungu anaijua kashata ya nazi: sukari inayeyushwa mpaka inakuwa shira nzito, nazi inatiwa, inamwagwa kwenye sinia na kukatwa vipande kabla haijapoa. Naipenda kashata, na sitaki mtu adhani nimekuja kuipokonya nafasi yake. Lakini kashata hushikwa na sukari, ndiyo maana ukiipunguza utamu inakuvunjikia mkononi. Biskuti hii hushikwa na yai. Inaweza kuwa tamu kiasi na bado ikakaa pamoja, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonifanya niifuatilie mpaka niipate.

Nazi yenyewe hapa ni mgeni. Mnazi unataka joto, unyevu na mchanga wa pwani. Baridi ya mlimani unaikataa. Milima ya Upare, ambayo kilele chake cha Shengena kinafika mita 2,462, hutupa kahawa, ndizi, maharage na tangawizi, ila kwa nazi inabidi tuangalie bondeni, mashariki. Zinatoka Tanga, Muheza na Pangani, zinapita Segera, Korogwe, Mombo na Hedaru, wakati mwingine zikiwa zimefungwa mbili mbili kwa makumbi yake, mara nyingi zimefuliwa na kujazwa kwenye viroba. Kuanzia Korogwe ni njia waliyoifuata Wajerumani na reli yao, iliyoanza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Treni ya abiria ilikaa miaka mingi bila kupita, ikarudi mwaka 2019, lakini nazi haikuingoja. Ilishahamia kwenye malori na buti za mabasi. Sukari nayo inashuka kutoka upande wa pili, kwenye mashamba ya miwa ya TPC pale Arusha Chini, kusini mwa Moshi, yaliyoanzishwa mwaka 1930. Kwa hiyo mtu akisimama stendi ya Same amesimama mahali nazi inayopanda inapokutana na sukari inayoshuka. Hilo huwa nalifikiria kila nikienda sokoni, na kila mara hunifurahisha.

Kitu kilichosafiri hivyo hakitupwi ovyo. Pwani, mwanamke akishakamua tui lake, machicha anawamwagia kuku na hakuna anayeshangaa. Mnazi uko nyuma ya nyumba. Hapa nilikuwa nafanya vilevile kwa mazoea tu. Mama yangu mdogo ameolewa Pangani, na ndiye aliyenifundisha kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi bila kujikata vidole, kwa hiyo nilichukua na desturi yake ya kuku. Siku moja nikayatazama yale machicha meupe yakidonolewa uani, nikakumbuka bei niliyoilipa sokoni asubuhi ile, nikaona hapana.

Mara ya kwanza niliyatumia yakiwa yamekamuliwa kabisa, tui la kwanza, la pili na la tatu. Biskuti zilisimama vizuri, zikapata rangi nzuri, na mdomoni zikawa kama maranda ya seremala. Mafuta yote, ambayo ni kama theluthi moja ya uzito wa nazi, yalikuwa yameondoka na tui, na harufu imeondoka nayo. Zilibaki nyuzi tupu. Mara ya pili nikatumia nazi ambayo haikukamuliwa hata tone. Karibu nusu ya uzito wa nazi mbichi ni maji, na maji yale yalitoka yote motoni. Matonge yakatandaa, yakaungua kwa chini yakiwa mabichi juu.

Jibu lilikuwa katikati, na Waswahili wa Pwani walikuwa na jina lake tayari. Kasimile ni lile tui zito la mwanzo, linalokamuliwa kabla nazi haijazidishiwa maji. Sasa naikamua nazi mara moja tu, kwa mkono, bila kifumbu na bila kuongeza maji. Kasimile hiyo inakwenda kwenye makande, kidogo lakini nzito, na makande yanaipenda kuliko lile tui jepesi la bakuli zima. Machicha yanayobaki yamepungua maji ila bado yana mafuta na utamu wake. Ukiyafinya kwenye ngumi yanashikana; ukifungua vidole yanaachana taratibu. Ukiona hivyo, yamefaa.

Uchaguzi wa nazi usiufanyie haraka. Itikise sikioni usikie maji yakicheza, ikinyamaza, iache. Tazama yale macho matatu, yasiwe na unyevu wala ukungu. Koroma, ile ambayo haijakomaa vizuri, ni tamu kuila hivihivi lakini nyama yake inateleza kwenye mbuzi na kufanya madonge. Na nazi iliyokaa juani siku nyingi njiani huwa na harufu ya sabuni ukiivunja. Harufu hiyo haifukuzwi na iliki wala vanila. Mama mmoja anayeuza nazi sokoni hunivunjia moja mbele yangu kabla sijalipa. "Onja, mwanangu," huniambia, "usije ukanilaumu ukiwa nyumbani." Namwamkia, naonja, nanunua mbili.

Nazi mbili kubwa hunipa vikombe vinne vya machicha, au zaidi kidogo. Nayapitisha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nikigeuza bila kuacha kwa dakika kumi hivi. Sitaki yabadilike rangi. Nataka mvuke utoke, mpaka mwiko ukipita usikie mchakacho mdogo. Yakipoa, nayatia kwenye sufuria pamoja na ute wa mayai matatu, sukari gramu 150, chumvi ya ncha ya vidole na iliki iliyotwangwa. Viini vya yale mayai havipotei. Vinangoja maandazi ya Jumapili.

Halafu inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Sufuria hiyo inarudi kwenye moto mdogo sana, na unakoroga mpaka sukari iyeyuke kabisa na mchanganyiko uanze kung'aa na kushika mwiko. Sukari iliyoyeyuka hushikilia maji ndani ya biskuti wakati joto la jikoni linajaribu kuyatoa, na ulaini tunaoutafuta ni maji hayo hasa. Sukari iliyobaki chenga haifanyi kazi hiyo. Inachakacha tu chini ya meno. Ila usiache sufuria ichemke. Ute wa yai huanza kuganda joto likipita nyuzijoto 60 hivi, na ukiona vipande vyeupe kama vya yai la kukaanga, umechelewa. Ipua mapema, funika, acha nusu saa nazi inywe ile sukari.

Kwenye mchanganyiko huo mimi naongeza kijiko kidogo cha maji ya tangawizi. Tangawizi ya Mamba Myamba, kwenye milima ya kusini, ina ukali unaopanda puani polepole, na inafanya jambo moja ambalo iliki haiwezi: inakata uzito wa mafuta ya nazi ili mtu atamani ya pili. Ikune, ikamue, tia maji yake tu. Nyuzi za tangawizi juu ya nyuzi za nazi ni nyingi mno kwa mtafunaji mmoja.

Sasa turudi kwenye ule moto. Mwenye oveni aiwashe nyuzijoto 160 hadi 170, atie kwa dakika 20 mpaka 25, amemaliza. Mimi natumia sufuria nene yenye mfuniko wa bati. Chini natandaza mchanga mkavu kimo cha kidole kimoja, juu yake sahani ya bati iliyofunikwa kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni na kupakwa mafuta kidogo. Sufuria nzima hukaa jikoni ipate joto kwanza. Kisha naviringa matonge ya ukubwa wa ndimu, nayapanga bila kugusana, nafunika, na kupalia moto: makaa machache yabaki chini, mengi yapande juu ya mfuniko. Bibi zetu walipika mikate ya sinia kwa njia hii kabla ya umeme kufika. Makaa mapya yana hasira, yanaunguza gamba kabla joto halijaingia ndani. Makaa yaliyopika makande saa tatu yametulia, joto lake ni sawasawa kila upande, na tena mkaa wake umeshalipiwa. Anayejua misitu yetu ya Chome ilivyo, na jinsi kila gunia la mkaa linavyotoka kwenye mti fulani, atanielewa kwa nini hilo la mwisho ninalitaja.

Shida kubwa ya wanaoanza ni hofu. Wanafunua, wanabonyeza, wanakuta katikati bado laini, wanarudisha mfuniko. Zikigeuka ngumu motoni, zikipoa zitakuwa mawe. Zitoe kingo zikishakuwa za kahawia na katikati bado panabonyea, kisha usiziguse. Ziache kwenye jani lake mpaka zipoe kabisa, ndipo zitakapojifunga.

Baada ya hapo ni suala la hewa. Mji wa Same uko upande wa milima usiopata mvua nyingi, na upepo wake mkavu hufyonza maji kwenye kila kitu. Biskuti iliyolala kwenye sahani usiku haina mnato asubuhi. Panda Mbaga au Chome, mambo yanageuka. Ukungu unaingia mpaka chumbani, sukari inavuta unyevu kutoka hewani, na biskuti zilezile zinalegea na kushikana. Kwa hiyo hapa mjini nazifungia kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza mara tu zikipoa. Zinazopanda mlimani naziachia dakika nne tano zaidi chini ya makaa.

Na zinapanda kweli. Shangazi yangu anaishi Mbaga, na kila baada ya wiki mbili kopo moja hupelekwa kwake na gari la abiria. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo kopo hushuka na maharage, au ndizi mbivu, au kahawa ya shambani aliyoikaanga mwenyewe. Safari iliyopita lilikuja na tangawizi yenye udongo wake bado, pamoja na salamu alizozibeba dereva: biskuti amezila na kahawa, ni nzuri, lakini nipunguze sukari, kwa umri wake anataka kuisikia nazi.

Nikapunguza hadi gramu 100. Siku ya pili zilikuwa zimekauka. Nikajaribu 120, zikawa bora lakini hazikunata. Jumamosi hii nimetumia 135, nikazila mbili zikiwa za moto na moja baada ya kupoa, na nazi ilisikika kabla ya sukari. Kopo limeondoka na gari la saa nane mchana. Jibu la shangazi nitalipata likishuka.