Mshahara wa Ng'ambo: Hesabu Iliyosahaulika

Wengi wetu tukisikia mshahara wa ng'ambo, tunazidisha dola kwa shilingi na kumwona jamaa wa kule tajiri. Kumbe hiyo ni nusu ya hesabu! Anayelipwa kwa dola hula kwa dola na hulipa kodi ya nyumba kwa dola.

Mwaka wa 1986, gazeti la The Economist la Uingereza lilianza kulinganisha bei ya Big Mac, mkate wenye nyama, katika nchi mbalimbali. Chakula ni kilekile, lakini bei si moja.

Je, kwa nini? Redio husafirishwa, hivyo bei zake hukaribiana. Lakini kinyozi hapakiwi melini! Palipo na mishahara mikubwa, kunyolewa nako ni ghali.

Huko Marekani, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Bei za vitu hazikungoja.

Basi kabla mzazi hajauza ng'ombe ili alipe wakala wa safari, uliza: saa moja ya kazi kule hununua nini kulekule? Wahenga walisema, vyote ving'aavyo si dhahabu.