Gari linazima mlimani? Jinsi ya kuhudumia pampu na chujio la petroli ndani ya tangi bila kuhatarisha nyumba

Gari linatoka Mombo vizuri, lakini likianza kupanda kwenda Lushoto linakosa nguvu, linashtukashtuka, kisha linazima. Likipumzishwa kidogo linawaka tena. Madereva wengi wa mkoa wetu wa Tanga wanaijua hali hii, na wengi huanza kwa kubadilisha plagi. Wakati mwingine tatizo liko nyuma kabisa, ndani ya tangi: pampu ya petroli imechoka, au chujio lake, ambalo mafundi huliita filta, limeziba.

Je, kazi hii inaweza kufanywa nyumbani? Kwa magari mengi madogo inawezekana, na spana zinazohitajika ni chache. Ugumu wake hauko kwenye spana, uko kwenye mvuke wa petroli. Katika makala haya tunaeleza kazi yenyewe, na pia namna ya kuifanya bila kuchoma gari, nyumba au mtu.

Kwa nini pampu iko ndani ya petroli

Magari ya zamani yenye kabureta yalihitaji petroli ya msukumo mdogo tu, hivyo pampu ilifungwa kwenye injini. Magari ya sasa hupuliza petroli kwa nozeli, na katika gari nyingi za Toyota zinazotembea hapa kwetu msukumo unaohitajika ni bar 3 au zaidi kidogo. Kazi hiyo hufanywa na pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi. Petroli inayoizunguka na kupita ndani yake ndiyo inayoipoza na kuilainisha.

Hapa ndipo ilipo siri ya pampu nyingi kufa mapema. Dereva anayetembea kila siku huku taa ya mafuta inawaka anaifanya pampu ifanye kazi kwenye joto la pwani bila kinga yake. Chujio likiziba nalo, pampu huvuta kwa nguvu zaidi, hupata joto zaidi na huchoka haraka.

Hakikisha kwanza kuwa ni pampu

Usifungue tangi kwa kubahatisha. Anza na fyuzi na rilei ya pampu. Rilei unaweza kuijaribu kwa kuibadilisha na nyingine ya aina ileile kutoka kwenye boksi la fyuzi. Kisha sikiliza. Katika magari mengi, ukiwasha swichi bila kupiga stata, pampu hutoa mlio mfupi kutoka nyuma. Lakini ziko Toyota ambazo pampu yake haianzi mpaka stata izunguke. Kwa hizo, mtu mmoja apige stata na mwingine asikilize karibu na kiti cha nyuma.

Mlio kusikika hakuthibitishi kuwa pampu ni nzima, kwa sababu inaweza kuzunguka na bado isitoe msukumo wa kutosha. Kipimo cha uhakika ni geji ya msukumo wa petroli. Ikiwa huna, ni nafuu kumlipa fundi akupimie kuliko kununua pampu usiyoihitaji.

Mvuke ndio adui

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse jua la Tanga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai juu. Hutambaa chini, huingia kwenye mifereji na chini ya milango, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa la jirani kabla wewe hujasikia harufu kali. Mwezi Agosti 2019 nchi yetu ilipoteza watu zaidi ya 100 mjini Morogoro, baada ya lori la petroli kupinduka na kulipuka wakati watu wakichota mafuta. Petroli haihitaji moto mkubwa. Cheche moja inatosha.

Kwa hiyo kazi hii haifanywi kwenye gereji iliyofungwa wala kwenye ua wenye jiko. Kama unaishi Ngamiani au Makorora, ambako nyumba zimebanana, tafuta uwanja wa wazi. Fanya kazi mchana, gari likiwa limepoa na milango yote ikiwa wazi. Weka simu mbali. Usivae nguo za nailoni, na gusa chuma cha bodi kabla ya kugusa tangi ili kuondoa umeme wa msuguano. Uwe na msaidizi, na mtungi wa kuzima moto wa unga mahali anapoweza kuufikia. Namba ya Zimamoto ni 114. Watoto wasiwe karibu.

Hatua za kazi

Kwanza, subiri petroli ishuke chini ya robo ya tangi. Usiinyonye kwa mdomo kwa mpira: petroli ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua.

Pili, ondoa msukumo kwenye mabomba. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini na uiache izime yenyewe, kisha piga stata tena kwa sekunde chache. Zima swichi, fungua waya wa hasi wa betri, halafu fungua mfuniko wa kujazia mafuta.

Tatu, nyanyua kiti cha nyuma. Katika magari madogo mengi, kama Vitz na IST, utakuta mfuniko chini ya zulia. Kabla ya kufungua chochote, safisha eneo lote kwa brashi na kitambaa chenye unyevu. Mchanga wa barabara ya vumbi uliokaa hapo kwa miaka ukiangukia ndani ya tangi utaziba chujio jipya.

Nne, chomoa soketi ya umeme na mabomba. Klipu zake ni za plastiki na hukauka kwa umri, kwa hiyo zibonyeze taratibu, usizivute kwa koleo. Funika maungio kwa kitambaa cha pamba, kwa sababu petroli kidogo itatoka.

Tano, legeza bolti kwa kuvukavuka, kisha inua pampu na fremu yake kwa kuilaza kidogo, ili usipinde mkono wa boya la geji. Acha petroli ichuruzike ndani ya tangi, kisha funika tundu.

Sasa angalia chujio la chini, lile la wavu laini. Likiwa jeusi au la rangi ya kutu, libadilishe. Kulipuliza kwa kompresa kunaweza kulitoboa, na chujio kuu, ambalo huwa kwenye kopo la plastiki kuizunguka pampu, halioshwi. Angalia pia soketi. Waya ulioungua unaweza kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Unaponunua spea, linganisha namba iliyoandikwa kwenye pampu ya zamani.

Onyo moja: usiijaribu pampu kavu nje ya tangi kwa kuigusisha kwenye betri. Wapo wanaofanya hivyo. Inatoa cheche katikati ya mvuke, na huisaga pampu isiyo na kilainishi.

Chungulia ndani ya tangi kwa mwanga wa jua. Matone yanayotembeatembea chini ni maji. Ukiona kutu nyingi, tangi lazima lishushwe na kusafishwa na fundi. Kubadilisha pampu peke yake ni kupoteza fedha. Na tangi lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe na mtu asiye na utaalamu huo, hata likionekana tupu.

Wakati wa kurudisha, weka ringi mpya ya mpira, kwa sababu ya zamani ikishavimba kwa petroli haikai tena vizuri. Silikoni ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake, huyeyushwa na petroli. Kaza bolti kwa kuvukavuka na hakikisha kila bomba limeingia mpaka lisikike.

Kabla ya kuwasha

Rudisha kiti mwishoni kabisa. Hakikisha harufu imekwisha ndani ya gari, unganisha betri, kisha washa na kuzima swichi mara tatu au nne ili msukumo ujae. Piga stata, na msaidizi aangalie maungio yote. Tone moja tu linatosha kukufanya uzime na kurudia. Kama siku ya pili bado gari linanuka petroli, usiliendeshe.

Ili isijirudie

Tanga tuna bandari inayopokea mafuta, lakini ukaribu huo hauleti usafi wenyewe, kwa kuwa petroli hupita kwenye matangi kadhaa kabla ya kufika kwako. Tangu 2010 mafuta yanayouzwa nchini huwekwa vinasaba ili kubaini uchakachuaji. Vinasaba hivyo havikuambii kama tangi la sheli limeingiza maji wakati wa masika. Chagua sheli yenye wateja wengi, usijaze wakati lori linashusha, dai risiti, na epuka petroli ya kwenye madumu. Usiruhusu tangi lishuke chini ya robo. Pampu itapoa, na hewa yenye unyevu wa bahari itapata nafasi ndogo ya kugeuka maji ndani yake.

Mwisho, ziko kazi za kumwachia fundi: gari lisilo na mfuniko chini ya kiti, ambalo tangi lake lazima lishushwe, mabomba yaliyoliwa na kutu, au nyumba isiyo na nafasi ya wazi. Hapo kazi ikabidhiwe gereji yenye vifaa, nawe ukiijua vizuri utaweza kumuuliza fundi kama ameondoa msukumo, ametenga betri na ameweka ringi mpya.