Kinacholika Chini ya Tezi

Watu huisifu injini kwa nguvu zake na rafadha kwa mwendo wake, lakini ni wachache waikumbukao beringi inayoushika mhimili wa rafadha pale utokapo tezini kuingia baharini. Beringi hiyo haionekani, nayo hulika kimya kimya.

Jambo hili liliwasumbua mafundi tangu zamani. Katika meli za kwanza za rafadha mhimili ulisuguana na shaba, na beringi zikaharibika upesi. Mwaka 1854 Mwingereza John Penn alipata hataza ya kutumia vipande vya lignum vitae, mti wa Visiwa vya Karibi, mzito hata huzama majini, wenye utomvu ulainishao mhimili pamoja na maji ya bahari. Baadaye zikaja beringi za madini laini meupe ziogeshwazo mafuta, na nyingine za mpira wenye mifereji ya kupitisha maji na mchanga.

Hapa kwetu Tanga adui mkubwa ni mchanga. Mto Pangani hushusha tope hadi mlangoni mwake, ambako kivuko huvusha watu kwenda Bweni. Katika maji haba rafadha hutimua mchanga, na chembe zikipenya kwenye beringi hufanya kazi ya msasa. Nafasi ikipanuka, mhimili huyumba, chombo hutetemeka, vizibo huharibika, na maji huingia. Penye beringi za mafuta, mafuta nayo huvuja katika bahari hii yenye Hifadhi ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009.

Twafurahi kuona Bandari ya Tanga imechimbwa hadi kina cha mita 13. Lakini wavuvi wetu bado hutegemea vyombo vidogo, na hao ndio tunaowasemea. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita 3. Basi chombo kikiketi mchangani, fundi aipime nafasi ya beringi kwa vibati vyembamba, aandike daftarini, na alinganishe na kipimo cha awali. Na baharia asemaye kwamba chombo kinatetemeka asiitwe mwoga, bali asikilizwe.

Beringi ikipuuzwa, mwenye chombo hupoteza mali, lakini baharia huweza kupoteza roho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na huko baharini hakuna pa kujengea ukuta.