Antaktika yapoteza kinga yake, pwani zetu nazo zimo

Na Mwandishi Wetu, Sydney

Sisi tunaoishi hapa Sydney tumezoea kuulizwa na jamaa wa nyumbani: hiyo barafu ya Antaktika inawahusu nini watu wa Jambiani au Lamu? Swali ni la haki, na jibu lake lina kona.

Ikumbukwe kuwa mabamba makubwa ya barafu yanayolizunguka bara hilo tayari yanaelea. Kipande cha barafu kikiyeyuka ndani ya bilauri, maji hayafuriki. Kazi ya bamba ni nyingine: ni kizibo kinachoizuia mito ya barafu iliyoko nchi kavu isiteremke baharini kwa kasi. Hiyo ndiyo inayopandisha bahari.

Na bamba nalo lina mlinzi wake. Msomaji anayeujua mwambao wa mashariki wa Unguja ameona mawimbi yanavyovunjika kwenye mwamba mbali na ufukwe, na ndani maji yametulia, akina mama wakilima mwani. Barafu ya bahari, ile inayoganda kila majira ya baridi, ndiyo mwamba wa bamba. Ikikosekana, mawimbi ya tufani za mbali hufika moja kwa moja ukingoni, yakalipinda na kulipindua bamba lililokwisha kuingia nyufa, hadi likatike.

Watafiti wakiongozwa na Rob Massom wa Idara ya Antaktika ya Australia walieleza hayo mwaka 2018 katika jarida la Nature. Bamba la Larsen B, lililosambaratika kwa wiki chache tu mwaka 2002, lilikuwa na kilometa za mraba 3,250, karibu mara mbili ya Unguja. Mito ya barafu nyuma yake ikaanza kwenda mbio. Machi 2022 ikaja zamu ya Conger, kilometa za mraba 1,200 hivi, tena upande wa mashariki ambao wengi waliudhania umetulia. Februari 2023 barafu ya bahari ilishuka hadi kilometa za mraba milioni 1.79, kiwango cha chini kabisa tangu satelaiti zianze kupima mwishoni mwa miaka ya 1970.

Maji hayo hayagawanywi sawasawa. Barafu ikipungua, nguvu yake ya kuivuta bahari iliyo jirani hupungua, na maji huhamia mbali zaidi, kwetu sisi tukiwemo.

Katika bandari ya hapa, kwenye kisiwa kidogo cha Fort Denison, kina cha maji kinaandikwa tangu mwaka 1886. Bandari ya Zanzibar ilianza kupimwa hivyo mwaka 1984. Serikali zetu ni hodari wa kuwahesabu wapinzani. Maji haya nayo yanataka kuhesabiwa kila siku.