Raketi ya Tenisi na Hewa ya Nyanda za Juu

Wachimbaji wa Makongolosi, wilayani Chunya, ambao riziki yao imo ndani ya maduara, yaani mashimo, ya dhahabu, wanaijua tabia ya mti pasipo kufundishwa na mhandisi: timba, yaani nguzo ya mti ya kuegemeza shimo, likielemewa na mwamba hupinda kwanza na kulia, na kilio hicho humpa mtu nafasi ya kukimbilia ngazi. Kupinda huko, ambako shimoni ni rehema, katika raketi ya tenisi ni hasara, na tarehe ya chombo hiki tangu miaka ya 1960 ni habari ya mafundi waliojitahidi kuikimbia tabia hiyo ya mti, hata wakafika, kwa maoni yangu, mbali kupita haja ya mtu anayecheza katika nchi zetu za milimani.

Wageni walipomiminika Lupa, huko huko Chunya, katika miaka ya 1930 kwa ajili ya dhahabu, raketi iliyofika nchi hii kwa kawaida ilikuwa ya mti: tabaka nyembamba za mti wa Ulaya unaokubali kukunjwa ukifukizwa mvuke, zimegandamanishwa kwa gundi, uzito wake aghalabu ukikaribia gramu 400. Mchezo ukiisha, mwenyewe aliitia raketi yake katika kibanio cha mbao chenye skurubu nne pembeni, akazikaza moja baada ya moja, maana mvua zikiingia mti hunywa unyevu, na kiangazi cha Chunya kikifika huupoteza, na raketi isiyobanwa vema ilipinda hata isifae tena.

Lakini ila kubwa ya mti haikuwa hiyo. Mpira hukaa juu ya nyuzi kwa muda wa sehemu tano hivi za elfu moja za sekunde. Fremu ikipinda wakati huo, nguvu iliyoipinda haiurudii mpira, kwa kuwa fremu inapojinyosha mpira umekwisha kwenda zake, na kinachosalia ni mtikisiko unaopanda mkononi hadi kwenye kiwiko. Fauka ya hayo, nyuzi zaidi ya thelathini, kila mmoja ukivutwa kwa nguvu ya kilo 25 hivi, huikamua fremu kutoka pande zote, ndiyo maana kichwa cha raketi ya mti hakikuthubutu kuzidi sana sentimita za mraba 450.

Mfaransa René Lacoste, bingwa wa miaka ya 1920, ndiye aliyebuni raketi ya mabomba ya chuma, ambayo kampuni ya Wilson iliiuza tangu 1967 kwa jina la T2000, na Jimmy Connors akadumu nayo miaka mingi. Hata hivyo, aliyeleta mageuzi ya kweli ni Mmarekani Howard Head, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha ndege, na ambaye uwanjani hakuwa hodari hata kidogo. Yeye aling'amua kwamba alumini ingeweza kubeba kichwa kipana, na kwamba upana, kwa kuuweka uzito mbali na kitovu, huizuia raketi kusokotwa mkononi mpira unapogonga pembeni. Raketi yake ya Prince ya mwaka 1976, yenye sentimita za mraba 710 hivi, ilichekwa na mabingwa. Miaka miwili baadaye Pam Shriver, binti wa miaka 16, akaingia nayo fainali ya mashindano ya Marekani, na kicheko kikapungua.

Kisha ikaja kaboni. Karatasi za nyuzi za kaboni zilizoloweshwa gundi ya epoksi hukatwa vipande, vikaviringishwa kuzunguka mfuko mrefu mwembamba hata pakawa bomba, na hapa ndipo hekima yote ya fundi ilipo: nyuzi zinazofuata urefu wa bomba huzuia kupinda, na zinazokwenda mshazari huzuia kujisokota, basi kwa kubadili mwelekeo wa kipande kimoja tu, raketi mbili zenye uzito na umbo lile lile huweza kuwa na tabia mbalimbali kabisa. Bomba hulazwa katika kalibu ya chuma, mfuko wa ndani hujazwa hewa ya shinikizo huku kalibu ikitiwa moto, gundi ikaganda, kisha ndipo hutobolewa matundu ya nyuzi. Na kwa kuwa bomba likinenepa hukaza maradufu pasipo kuongezeka uzito sana, Mjerumani Siegfried Kuebler alisanifu fremu nene ambayo Wilson waliitoa mwaka 1987 kwa jina la Profile, ikiwa na unene wa milimita 39, karibu mara mbili ya ile ya mti. Tofauti ilidhihirika: bingwa wa zamani Bjorn Borg aliporejea uwanjani Monte Carlo mwaka 1991 akiwa na raketi yake ya mti, Jordi Arrese alimshinda kwa seti mbili bila taabu.

Sheria nayo iliamka mapema kidogo, si kwa sababu ya fremu bali ya nyuzi. Mwaka 1977 ilizuka raketi iliyosukwa nyuzi maradufu, ikizungusha mpira kupita kiasi, na Guillermo Vilas alipokutana nayo mikononi mwa Ilie Nastase huko Aix-en-Provence aliuacha mchezo kwa hasira. Usukaji huo ukaharamishwa, na leo urefu wa raketi hauruhusiwi kuzidi sentimita 73.7.

Sasa tuje kwetu. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Iringa haiko mbali na kimo hicho. Hewa huko ni nyepesi, haiushiki mpira kama inavyoushika katika viwanja vya Gymkhana, Dar es Salaam, na mpira wenyewe huruka juu zaidi ukidunda. Shirikisho la tenisi la dunia limelikiri jambo hili, likaweka mipira mahususi kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kwa hiyo raketi nene yenye kichwa kikubwa, iliyosifiwa dukani kwa nguvu zake, humpa mchezaji wa Mbeya kitu alichokwisha kupewa bure na mlima, na mipira yake itaangukia nje ya mstari wa nyuma. Afadhali atafute fremu nyembamba, kichwa chake kisizidi sentimita za mraba 640, kisha amwambie fundi akaze nyuzi kwa kilo moja au mbili zaidi, maana uzi uliolegea huutupa mpira mbali na uliokazwa huutii mkono. Akiteremka pwani kwa mashindano, asukiwe nyuzi upya zikiwa legevu zaidi. Hiyo ni kazi ya saa moja, wala haina haja ya raketi ya pili.