Msiguse Kitu, Tunahama!

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Ndugu msomaji, methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi hata ikachujuka. Mimi nilikuja kuielewa barabara nikiwa nyumbani Umoja siku tatu mfululizo, sare nimevaa lakini karo sina. Kisa chenyewe kilianzia ndani ya kompyuta. Hebu keti nikusimulie, kwani kina funzo kwetu sote.

Dada yangu mkubwa ni fundi wa programu katika chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja jina. Mama yetu naye ni mwanachama pale pale. Mama huuza mboga: alfajiri yuko Marikiti akinunua, na jua likichomoza yuko kibandani akipanga sukuma wiki. Hulipa mkopo wake Jumapili jioni baada ya kuhesabu mauzo ya wiki.

Mwaka jana chama hicho kiliamua kubadilisha mfumo wake wote wa kompyuta. Mfumo ni ile programu kubwa inayoweka akiba, mikopo, malipo na ujumbe wa simu mahali pamoja. Wiki mbili kabla ya kuhamia mfumo mpya, wakubwa wakatoa amri: kuanzia Ijumaa, hakuna fundi anayeruhusiwa kubadilisha programu. Mafundi huita kipindi hicho kufungia mabadiliko.

Sasa, kwa nini wafungie? Nitakupa mfano wa mtaani. Tuseme mnahama kutoka Jericho kwenda Kayole. Usiku wa kuamkia siku ya kuhama, mama huhesabu vyombo: sufuria sita, viti vinne, jiko moja. Asubuhi mkokoteni unafika. Ikiwa mtoto mmoja amempa jirani sufuria, na mwingine ameleta kiti kibovu kutoka kwa rafiki yake, hesabu ya mama haina maana tena. Mkifika Kayole, kitu kikikosekana hamtajua kama kilianguka njiani, kiliibwa, au kilisahaulika Jericho. Ndiyo maana mama hupaza sauti, “Msiguse kitu, tunahama!”

Mfumo wa kompyuta ni vivyo hivyo. Mafundi huchukua nakala ya mfumo wa zamani kama ulivyo siku fulani, kisha huijaribu katika mfumo mpya. Huangalia kama mkopo wa Mama unasoma sawa pande zote mbili. Majaribio hayo huchukua siku nyingi. Mtu akiubadilisha mfumo wa zamani katikati, basi kilichojaribiwa si kile kitakachohamishwa. Isitoshe, tatizo likizuka siku ya kuhama, itakuwa vigumu kujua limeletwa na mfumo mpya au na mkono wa mtu.

Jambo hili si la vyama vidogo pekee. Jumatatu tarehe 22 Septemba 2025, Safaricom ilisimamisha huduma za M-Pesa kutoka saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ili kuhamia mfumo mpya. Wateja walitangaziwa mapema. Wafanyabiashara wa Marikiti, ambao saa tisa usiku tayari wananunua viazi, walilazimika kujipanga na pesa taslimu. Hata mnamo Aprili 2015, seva za M-Pesa zilipohamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya, kazi ilikuwa ya aina hiyo hiyo: kuhamisha nyumba yenye wapangaji mamilioni.

Na wasiojiandaa huona cha mtema kuni. Mnamo Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wote kwa mkupuo mmoja kabla mfumo mpya haujawa tayari. Wateja wapatao milioni 1.9 walishindwa kuzifikia akaunti zao. Mnamo Desemba 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kule Marekani, kampuni ya Knight Capital iliweka programu mpya katika seva saba kati ya nane. Ile ya nane ikasahaulika. Tarehe 1 Agosti 2012, kwa muda wa dakika 45 hivi, kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Lo! Seva moja tu!

Turudi Umoja. Mfumo wa zamani ulikuwa na dosari. Aliyelipa Jumapili jioni alihesabiwa kuwa amelipa Jumatatu, akatozwa faini ya kuchelewa, shilingi 150. Dada alikuwa ameshaandika marekebisho lakini hayakuwahi kuingizwa kabla ya ile Ijumaa. Jumapili hiyo Mama akatozwa tena. Jioni kukawa na moto mezani.

“Si unasema ni mstari mmoja tu?” Mama akauliza.

“Ndiyo Mama, ni mmoja, lakini tumefungiwa.”

“Sasa wewe! Nimekusomesha na hizi mboga, leo unashindwa kunibonyezea mstari mmoja?”

“Mama, tafadhali nivumilie. Nimeuandika kwenye daftari. Tukishahama tu, utaingizwa, na pesa zako zitarudi.”

Mama hakujibu. Alichukua sahani akaenda jikoni. Mimi pia, nakiri, nilimwona Dada kuwa na moyo mgumu.

Daftari hilo ndilo moyo wa kazi yenyewe, kwa hiyo nitalieleza. Kufungia hakumaanishi kwamba matatizo yanaacha kutokea. Kila anayetaka mabadiliko huandika anataka nini, kwa nini, na kuna madhara gani yakingoja. Kisha kamati ndogo huyapanga katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yanayoweza kungoja, kama vile kubadilisha rangi ya ukurasa au maneno ya salamu. Fungu la pili ni yanayoumiza kidogo lakini yanaweza kurekebishwa baadaye. Faini ya Mama iliingia hapa, kwani pesa zinaweza kurudishwa. Fungu la tatu ni ya dharura: pesa zinapotea, wezi wanaingia, au huduma imekufa kabisa. Haya huruhusiwa hata wakati wa kufungia, ila kwa masharti manne. Mkubwa aidhinishe. Yajaribiwe kwanza pembeni. Kuwe na njia ya kurudi nyuma yakiharibika. Na sharti la nne, ambalo ndilo husahaulika, kila kinachobadilishwa katika mfumo wa zamani kibadilishwe pia katika mfumo mpya.

Sharti hilo la nne ndilo lililoniweka nyumbani.

Katika wiki ya kwanza ya kufungia, kampuni inayowapelekea wanachama ujumbe wa simu ilibadilisha anwani ya mitambo yake. Ujumbe ukaacha kwenda. Fundi mmoja, kijana mwema asiyependa kuona watu wakihangaika, akaingia usiku akabadilisha anwani katika mfumo wa zamani. Ujumbe ukaanza kwenda tena. Hakumwambia mtu, hakuandika daftarini. Aliogopa kwamba angeomba ruhusa angenyimwa.

Siku ya kuhama ikafika. Jumamosi usiku mfumo wa zamani ukazimwa, na Jumapili mpya ukawashwa. Hesabu zote zikawa sawa, mafundi wakapongezana. Lakini mfumo mpya ulibeba anwani ile ya zamani. Wanachama walilipa na kulipiwa, ujumbe ukawa hauendi. Jumatatu chama kikanilipia karo kutoka kwa mkopo wa Mama, lakini ujumbe wa kuthibitisha haukufika kwa Mama wala shuleni. Mhasibu akafungua orodha, jina langu halikuwa na malipo. Nikaambiwa nirudi nyumbani. Simlaumu, kwani alifuata alichokiona.

Mafundi walitafuta kosa katika mfumo mpya usiku na mchana. Walipekua daftari, wakaona mabadiliko mawili ya dharura yaliyoidhinishwa, na yote mawili yalikuwa mahali pake. La tatu halikuwepo kwenye karatasi, basi hakuna aliyejua alitafute wapi. Siku ya tatu yule kijana alijitokeza mwenyewe akasema. Baada ya nusu saa ujumbe ulikuwa ukienda.

Dada aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema ombi la yule kijana lingeingia moja kwa moja katika fungu la dharura, na lingekubaliwa siku ile ile. Angeomba, anwani ingebadilishwa pande zote mbili. Kosa lake lilikuwa kutoandika.

Na mstari wa Mama? Uliingizwa siku kumi baada ya kuhama, mfumo mpya ulipotulia. Kwa vile kila faini ya Jumapili ilikuwa imeandikwa, wanawake wa soko walirudishiwa pesa zao zote. Mama alipata shilingi 450. Jioni hiyo alinunua nyama nusu kilo, akamwekea Dada kipande kikubwa kuliko chetu, bila kusema neno.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunatamani kuwa mafundi wa kompyuta. Tunadhani ufundi ni kuandika programu upesi. Mimi nimejifunza kwamba ufundi pia ni kujua wakati wa kutogusa, na ukigusa, kuandika. Hata katika chama chetu hiki, mhariri akishafunga kurasa za jarida na kuzipeleka kwa mpiga chapa, asiingie mtu usiku kurekebisha shairi lake bila kusema. Mali bila daftari hupotea bila habari.